Nani Afunge Duka Jumapili?

Watoto wa kipaimara walikuwa wameshapiga magoti mbele ya madhabahu, nguo nyeupe, glavu nyeupe, wazazi wamesimama nyuma yao. Nyuma ya mtoto wa kaka yangu alisimama kaka peke yake. Wifi alikuwa mlangoni mwa kanisa, ameegemea nguzo, amejitanda kitenge juu ya fulana ya kazi. Kitenge kiliteleza kidogo begani na jina la duka likaonekana, limeshonwa kifuani kwa uzi mwekundu. Simu ilikuwa mkononi, kioo kinawaka na kuzima.

Mchungaji alipoanza kuwawekea watoto mikono, wifi alisogea mpaka katikati ya kanisa, akasimama pale kwenye njia mpaka zamu ya mwanawe ikapita. Kisha akageuka. Nilimfuata nje.

"Wifi, utaniagia," akaniambia. "Ruhusa yangu ni mpaka saa nne na nusu."

Bodaboda ilikuwa inamsubiri. Keki ilikatwa bila yeye. Picha ya familia ipo, hayumo.

Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfukuza kazi. Ilikuwa Jumapili ya kawaida kabisa ya muuza duka, na huo ukawaida wake ndio ulionikaa rohoni. Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikijiuliza kama sheria inapaswa kumfunga bosi wake mlango siku kama ile, ili mama asilazimike kuomba ruhusa ya kumwona mwanawe akibarikiwa.

## Sheria ipo

Wengi tunadhani muuza duka hana ulinzi wowote. Anao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, Sura ya 366, inaweka kikomo cha saa za kawaida: siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho zipite saa 12. Kila wiki mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24. Akifanya kazi ndani ya saa hizo 24, iwe amekubali mwenyewe, na alipwe mara mbili kwa kila saa. Majirani zetu Kenya nao, katika Sheria yao ya Ajira ya 2007, wanatambua angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Wala haikutajwa Jumapili. Ni saa 24, basi.

Nimeisoma mara nyingi na sioni kasoro kubwa ndani yake. Kasoro naiona kwenye maneno mawili matatu yanayohusu kukubali. Maana wifi alikubali. Alikubali Ijumaa jioni, bosi amesimama katikati ya duka na karatasi ya zamu mkononi, wasichana wote wamepanga mstari mbele ya rafu za masufuria, na swali likaulizwa: "Kuna mwenye shida na Jumapili?"

Nani atanyoosha mkono?

Nje kuna vijana wanaopita kila siku kuuliza kama kuna nafasi. Wenzako wanakutazama, maana ukitoka wewe, mmoja wao atabeba zamu yako. Na mwezi wa kumi na mbili unakaribia, ule mwezi ambao bosi ndiye anayeamua nani atapewa kitu cha kwenda nacho kijijini. Hapo kukubali kunabaki jina tu. Na yale malipo ya mara mbili, wifi aliponieleza alichopewa, yalikuwa nauli na sahani ya chakula.

Haki ya kuomba kwa bosi huwa na gharama, na gharama yake anailipa mwombaji.

## Wenzetu walioiandika kwenye katiba

Hapo ndipo nilipoanza kuwaangalia Wajerumani.

Mwaka 1919 katiba yao ya Weimar iliweka ibara ya 139: Jumapili na sikukuu zinazotambuliwa na dola zinalindwa kisheria kuwa siku za kupumzika kazi na za kuinua roho. Ibara hiyo ikabebwa nzima nzima kuingia katiba ya mwaka 1949, na mpaka leo ina nguvu. Ukiwa huko Jumapili, duka la nguo limefungwa, supermaketi imefungwa, duka la misumari limefungwa. Utapata dawa, utapata mkate kwa saa chache, utanunua maji stesheni au kituo cha mafuta. Mengine yanasubiri Jumatatu.

Mwaka 2006 mamlaka ya kupanga saa za maduka yalihamishiwa kwenye majimbo, na Berlin ikaruhusu maduka kufunguliwa Jumapili zote 4 za Majilio, kabla ya Krismasi. Makanisa yakaenda Mahakama ya Katiba. Tarehe 1 Desemba 2009 mahakama ikayapa ushindi. Nilichokipenda ni sababu zake. Ilisema hamu ya mwenye duka ya kuuza zaidi, na hamu ya mteja ya kununua, kwa kawaida hazitoshi kuivunja Jumapili. Ikasema pia kwamba siku hiyo haiwahusu waenda kanisani peke yao: ni siku ya familia, ya vyama, ya watu kukutana, na ili wakutane lazima wawe na nafasi kwa wakati mmoja.

Soma tena hilo la mwisho. Ndilo lililonisumbua kuliko yote, na nitalirudia.

Kwa muda niliona jibu limepatikana. Tufunge.

Tena nilikuwa na sababu yangu mwenyewe, ya hapa hapa kwetu. Mapumziko ya mtu mmoja mmoja hayaonekani. Afisa kazi akitaka kujua kama wifi alipumzika wiki hii, itabidi aingie dukani, aombe daftari la mahudhurio, awahoji wasichana mbele ya bosi, nao watasema "tunapumzika, afande." Ataandika hivyo na kuondoka. Lakini geti lililoshushwa linaonekana na kila mtu. Mpita njia analiona. Mwenye duka la jirani analiona, na yeye ndiye mkaguzi mkali kuliko wote, maana hataki mwenzake auze siku ambayo yeye amefunga. Sheria ya kufunga duka haihitaji shahidi anayeogopa kupoteza kazi.

Bado naamini hivyo. Ila siku ipi?

## Mama wa gengeni

Mtaani kwetu kuna mama mwenye genge, Mpare, Msabato wa kuzaliwa. Ijumaa jua linapoanza kushuka, anafunika nyanya kwa turubai, anaingiza mizani ndani, anafunga. Hafungui mpaka Jumamosi jua lizame. Kwa sisi wanunuzi Jumamosi ni siku kubwa ya mboga, kwa hiyo anajua vizuri anachokipoteza. Jumapili alfajiri ndiyo anakwenda sokoni kufidia.

Nilimweleza wazo la kufunga maduka Jumapili kwa sheria. Hakukasirika. Aliendelea kufunga mafungu ya mchicha, akaniuliza, "Sasa mimi nitakula siku gani?"

Siku mbili kati ya saba. Moja ya imani yake, moja ya imani ya wengine. Na si yeye peke yake: Upareni, Mara na ng'ambo ya mpaka kule Kisii, Wasabato wamejaa.

Swali la mama huyu liliwahi kufika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1961 wafanyabiashara Wayahudi wa Philadelphia, ambao nao hufunga tangu Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni, walilalamika kwamba sheria ya Pennsylvania ya kufunga Jumapili inawanyima siku ya pili. Wakashindwa. Majaji wengi waliona sheria haijawakataza dini yao, imewafanya tu waione ghali. Nimejaribu kumwazia mama wa gengeni akisomewa hukumu hiyo.

Waingereza walikuwa wameliona jambo hili mapema. Sheria yao ya maduka ya 1950 ilifunga Jumapili lakini ikampa mwenye duka Myahudi aliyefunga Jumamosi nafasi ya kufungua Jumapili mpaka saa nane mchana. Anayetaka kutunga sheria hapa kwetu, ambako duka la Mpemba Mwislamu na duka la Mangi, Mchaga Mkristo, yanatazamana, anaweza kuanzia hapo.

Nimtaje huyo Mpemba pia. Ijumaa kwenye saa sita na nusu anavuta geti, anachukua kofia, anakwenda msikitini. Tunaotaka sukari tunakaa kwenye benchi lake tunamsubiri. Hajawahi kupoteza mteja kwa hilo, wala hajahitaji sheria. Duka ni lake. Siku ni yake. Kati yake na wifi kuna tofauti moja tu, na sheria yoyote ya maduka inapaswa kusimama juu ya tofauti hiyo: mmoja anaamua saa ya kufunga, mwingine anaambiwa.

## Nani alitozwa faini

Mwaka huo huo wa 1961, mahakama ile ile ilisikiliza kesi nyingine, ya Maryland. Duka kubwa la bei nafuu kando ya barabara lilifunguliwa Jumapili. Vilivyouzwa, kwa mujibu wa kesi, ni jalada la karatasi, kopo la nta ya kung'arishia sakafu, stepla na pini zake, na nyambizi ya kuchezea watoto.

Walioshtakiwa ni wafanyakazi 7 wa duka hilo.

Wauzaji waliosimama kaunta. Kila mmoja alitozwa dola 5 na gharama za kesi, na Mahakama Kuu ikasema sheria ni halali, kwa kuwa lengo lake siku hizi ni kuwapa watu siku moja ya pamoja ya kupumzika.

Nimekaa na kesi hii muda mrefu. Sheria inayotetewa kwa jina la mapumziko ya wafanyakazi inamkamata mfanyakazi, inamwacha aliyemwamuru afungue. Nikimweka wifi pale kaunta, na mgambo wetu ninavyowafahamu wanavyoingia dukani na kumchukua aliye karibu, napata baridi. Sheria ya kufunga ikiandikwa ovyo, atakayelala mahabusu Jumapili ni yule yule aliyekosa picha ya familia.

## Nilimuuliza mwenyewe

Ilichukua muda kumpata akiwa ametulia. Nilitaka kusikia kama yeye angependa duka lao lifungwe Jumapili.

"Hapana," akasema.

Nilidhani hajanielewa. Akanielewesha. Analipwa kwa siku. Duka likifungwa siku 4 au 5 kwa mwezi, hiyo ni pesa inayotoka kwenye ada ya mtoto. Na Jumapili, baada ya ibada, ndipo watu wa maofisini wanapokuja na familia zao kuchagua mapazia na vyombo. Kamisheni ndogo anayopata kwa kila mauzo makubwa, nyingi huipata siku hiyo.

"Sasa wewe unataka nini, wifi?"

Alifikiri kidogo. "Nataka nijue siku yangu. Karatasi ya zamu inatumwa kwenye grupu Jumamosi usiku. Nikijua mapema kwamba siku fulani ni yangu, haiguswi, nitaahidi watu. Sasa hivi siwezi kumuahidi mtu kitu. Hata mwanangu."

Hilo la kutoweza kuahidi sikuwa nimeliona. Nilikuwa nahesabu saa zake za kupumzika. Yeye alikuwa anazungumzia kikao cha vikoba asichoweza kukipangia, mgonjwa wa hospitali anayemwambia "nitakuja nikipata nafasi," mwalimu anayemwita shuleni na kumwona mzazi asiyejali.

## Basi kila mtu na siku yake?

Kwa maneno ya wifi, jibu lingekuwa jepesi: acha maduka wazi siku zote 7, kila mfanyakazi apewe siku yake isiyohamishika. Mmoja Jumatatu, mwingine Jumatano. Bosi hapotezi kitu, Msabato hapotezi kitu.

Kuna nchi iliwahi kujaribu hivyo kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1929 Umoja wa Kisovieti ulifuta wiki ya siku saba na kuleta wiki ya siku 5. Wafanyakazi waligawanywa makundi matano, kila kundi na rangi yake, kila siku kundi moja likipumzika na manne yakifanya kazi. Mitambo isisimame kamwe. Jumapili ikafutika. Kwa hesabu, mfanyakazi alipata mapumziko mengi zaidi: siku moja katika kila 5 badala ya moja katika 7.

Watu wakalalamika vibaya. Mume alikuwa na rangi yake, mke na yake, watoto wako shule. Wakaandika magazetini kuuliza wafanye nini na siku ya mapumziko nyumbani kukiwa hakuna mtu. Kufikia mwaka 1931 mpango ulianza kuachwa, ikaletwa wiki ya siku 6 yenye siku moja ya wote. Mwaka 1940, vita vikikaribia, wakarudi kwenye siku saba na Jumapili yao.

Hapo ndipo lile neno la mahakama ya Ujerumani lilinirudia. Ni watu kuwa na nafasi kwa wakati mmoja.

Tujiangalie sisi. Kikao cha harusi ni Jumapili jioni. Kipaimara Jumapili. Arobaini, kumtoa mwali, kumsalimia bibi, kikao cha ukoo, vyote vinasubiri mwisho wa wiki, maana ofisi na shule zimefungwa. Hata Zanzibar, ambako Ijumaa ina uzito wake, ofisi za serikali hupumzika Jumamosi na Jumapili. Ukimpa wifi Jumanne, umempa siku ya kufua. Mtoto yuko darasani, kaka yuko kazini, mama mkwe yuko shamba. Saa 24 za sheria zimetimia, na kipaimara kimempita vile vile.

Shirika la Kazi Duniani lililiona hili zamani. Mkataba wake namba 106 wa mwaka 1957, unaohusu mapumziko ya wiki katika biashara na maofisi, unataka mapumziko yatolewe kwa wafanyakazi wote wa sehemu moja kwa pamoja inapowezekana, yaangukie siku ambayo mila za nchi au eneo hilo zimeizoea, na desturi za dini zenye watu wachache ziheshimiwe kadiri inavyowezekana. Mambo yale yale ya mama wa gengeni na ya wifi, yamewekwa kwenye ibara moja.

## Wanaosema haiwezekani

Nimewasikia. Watu hawatakubali kufunga, nchi ni maskini, serikali haiwezi kusimamia.

Kufunga kwa amri tunakujua. Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi, miji mingi maduka hayafunguliwi mpaka saa nne asubuhi, na anayefungua anaona cha mtema kuni. Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, nchi nzima inatoka kufanya Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na maduka yanangoja. Tunafunga kwa ajili ya mitaro. Kama tunaweza kufunga kwa ajili ya takataka, hoja ya kwamba haiwezekani imekufa. Kinachobaki ni kama tunataka.

Hoja ya umaskini ni nzito zaidi, na siipuuzi. Mwaka 2025 Kariakoo ilizinduliwa kufanya biashara saa 24, na naelewa kwa nini: mzigo wa Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura hauna usiku wala mchana. Machinga anayetandika bidhaa mbele ya duka lililofungwa Jumapili anakula kutokana na geti lile lililoshushwa. Sitaki sheria inayomgusa huyo hata kidogo. Wala mama ntilie, wala duka la dawa, wala genge. Anayeuguza hawezi kusubiri Jumatatu, na anayenunua nusu kilo ya unga kila siku hana akiba ya kununua ya kesho.

Lakini pazia linasubiri. Sofa inasubiri. Simu mpya inasubiri.

Uingereza walipambana kwa ukubwa wa duka. Mwaka 1986 Margaret Thatcher alipeleka bungeni muswada wa kufungua maduka Jumapili, na pamoja na wingi wa wabunge wake akaangushwa, makanisa na chama cha wafanyakazi wa maduka vikiwa upande mmoja. Sheria iliyopita mwaka 1994 ni ya maridhiano: duka la Uingereza au Wales lenye zaidi ya mita za mraba 280 linafungua saa 6 tu Jumapili, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni, dogo linafungua litakavyo. Mfanyakazi wa duka ana haki ya kukataa Jumapili kwa kutoa taarifa. Serikali ilipojaribu kulegeza mwaka 2016, Bunge likakataa kwa kura 317 dhidi ya 286.

Poland walipima kwa mwajiri. Kuanzia 1 Machi 2018, chama cha wafanyakazi cha Solidarność kikiwa mbele, walianza kufunga Jumapili hatua kwa hatua, ila mwenye duka anaruhusiwa kusimama kaunta mwenyewe. Hilo nimelipenda sana, maana linatenganisha anayeamua na anayeambiwa. Ujanja ulifuata: maduka yakajiandikisha kupokea vifurushi ili yahesabike kuwa posta, mpaka sheria ikabidi ikazwe mwaka 2022.

## Ningeiandika hivi

Duka lenye watu wa kuajiriwa, lisilouza dawa wala chakula cha kila siku, lichague siku moja kati ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Siku hiyo iandikwe mlangoni na kwenye leseni, isibadilishwe bila taarifa ya miezi kadhaa. Siku hiyo hakuna aliyeajiriwa anayeingia ndani. Mwenye duka akitaka, asimame kaunta yeye mwenyewe. Faini imwangukie mwenye leseni, na isimguse aliyekutwa akiuza. Na anayelipwa kwa siku alipwe mshahara wa wiki usiopungua ule wa mwanzo, la sivyo tutakuwa tumempa wifi mapumziko kwa kumpunguzia mtoto wake ada.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Bosi mwenye duka la mapazia atasema Jumapili ndiyo mauzo yake, na ni kweli. Jibu langu ni kwamba mauzo ya Jumapili yanamponyoka akifunga peke yake. Wakifunga wote wa mtaa ule, mteja anayetaka pazia atakuja Jumamosi. Sio wote watakaorudi. Atapoteza kitu, na sitaki kumdanganya kwamba hatapoteza.

Kuna hofu nyingine ya geti kushushwa huku wasichana wako ndani wanahesabu mali na kupanga mzigo mpya. Itatokea. Ila mtu akiingia dukani saa mbili na kutoka saa kumi siku ambayo mlango umeandikwa kufungwa, mtaa mzima unaona, na mfanyakazi hatalazimika kuwa wa kwanza kusema.

Ninayeshindwa kumfikia ni yule kijana wa duka la mtaani. Mnamfahamu. Aliletwa kutoka kijijini na mjomba, analala kwenye godoro nyuma ya magunia ya mchele, anafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku. Anaitwa ndugu, kwa hiyo hana mkataba. Chakula anapewa, kwa hiyo mshahara wake "utahesabiwa baadaye," atakapofunguliwa duka lake. Ukilifunga duka Jumapili, umemfungia chumba anacholala, na nauli ya kwenda popote hana. Kwa vitendo sheria ya 2004 haimfikii, wala hii yangu, kwa sababu hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ni mfanyakazi. Kwake yeye ingebidi tuanzie nyuma zaidi, kwenye kifungu kinachomtaka mwenye leseni ya biashara aandike jina la kila anayesimama kaunta yake, ndugu au si ndugu, na anachomlipa kila mwezi.